HARRIET POWERS, MAMA ALIYESHONA BIBLIA



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya wafalme, ya wahubiri na ya wale waliovumbua dawa. Mara hii ninawaletea maisha ya mama moja ambaye vyombo vyake vya kazi vilikuwa sindano, uzi, makasi na vipande vya nguo. Alikufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Hata vile, mabulangeti mawili aliyoyashona yeye mwenyewe yanalindwa leo katika nyumba kubwa za makumbusho huko Marekani, na watu wanatoka mbali kwenda kuyaangalia. Jina lake ni Harriet Powers.

Kwanza tufahamishane juu ya kazi yenyewe. Bulangeti la namna hii halitoki mu magazini, linashonwa nyumbani. Lina tabaka tatu: chini nguo nzima, katikati pamba, na juu nguo ya vipande vingi vilivyounganishwa. Mshonaji anapitisha sindano katika tabaka zote tatu, mstari kwa mstari, ili pamba isikimbilie upande mmoja. Akitaka picha, anakata sura ya mtu, ya ndege ao ya nyota katika kitambaa cha rangi ingine, anakunja pembeni kidogo, na anaishonea juu. Kisha anatarizi kwa uzi zile sehemu ndogo ambazo makasi haziwezi kukata. Sisi wa Kamatanda tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba, tunaweza kufahamu kwa nini watu walijitaabisha hivi. Na bamama wetu wanaotarizi vitambaa vya meza na vya viti, wanaookota vipande vya vikwembe kwa fundi wa mashini, watamfahamu Harriet kuliko sisi wote.

Harriet alizaliwa tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 1837, karibu na mji wa Athens, katika jimbo la Georgia. Alizaliwa mtumwa. Katika inchi ile pamba ilikuwa utajiri wa mabwana, na mikono iliyoipanda na kuivuna ilikuwa ya watu weusi wasiolipwa kitu. Tangu mwaka 1829 sheria ya Georgia ilikataza mtu yeyote kumfundisha mtumwa kusoma. Mwaka 1855, akiwa na miaka 17 ao 18, yaani umri wetu sisi wa mwaka wa sita, aliolewa na Armstead Powers. Wanaandika kwamba alizaa watoto 9.

Vita kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini ilianza 1861 na ikaisha 1865. Utumwa ukaisha nayo. Harriet na bwana yake walipata uhuru, lakini uhuru ule haukuja na shamba wala feza. Walifanya kazi miaka mingi mpaka, katika miaka ya 1880, wakanunua udongo wao wenyewe: eka 4, karibu hekta moja na nusu.

Ni katika wakati ule Harriet alishona bulangeti lake la Biblia. Aliligawanya katika picha 11. Kuna Adamu na Eva katika bustani ya Edeni, kuna Kaini anayemuua Abeli ndugu yake, kuna Yakobo na ndoto yake ya ngazi, kuna ubatizo wa Yesu, kuna Yuda na vile vipande 30 vya feza, kuna karamu ya mwisho, kuna msalaba, na mwisho Yusufu na Maria pamoja na mtoto. Angalia akili ya huyu mama: katika picha ya Edeni kuna wanyama wengi, lakini mwenye miguu ni nyoka peke yake! Mwenye kukumbuka Mwanzo sura ya 3 anajua kwamba nyoka aliambiwa atembee kwa tumbo baada ya kosa lake. Harriet alimshona kabla ya laana. Ndiyo kusema hakuchukua picha ya mtu mwingine na kuifuata tu. Alifikiri lile neno mwenyewe.

Mwaka 1886 bulangeti lilionyeshwa katika maonyesho ya pamba kule Athens. Mwalimu mmoja mzungu wa kuchora, jina lake Jennie Smith, aliliona, akamtafuta mwenye kulishona, akataka kulinunua. Harriet alikatala. Hakutaka kuliuzisha kwa bei yoyote.

Lakini miaka michache ilipita na taabu ikaingia nyumbani. Karibu na mwaka 1891 alituma habari kwa yule mwalimu kwamba sasa atauzisha. Alikuja na bwana yake katika gari la kukokotwa na ng'ombe, bulangeti likiwa limefungwa katika mfuko safi wa unga, na juu yake mfuko mwingine tena, sawa vile mama anavyomfunga mtoto wakati wa baridi. Aliomba dola 10. Jennie Smith alisema ana dola 5 tu. Harriet akaenda kushauriana na bwana yake pale garini, naye akamwambia ni heri kukubali juu ya ugumu wa wakati. Akauzisha kwa dola 5. Alifarijika kidogo mwalimu alipomwahidi kumwekea vipande vyake vyote vya nguo vinavyobaki.

Ninyi mnaosoma, simameni hapa kidogo. Mbele ya kuondoka, Harriet alifanya jambo moja kubwa. Alieleza picha zote 11, moja kwa moja: huyu ni nani, hii nyota ni ya nini, huyu mnyama anafanya nini. Jennie Smith akaandika maelezo yale. Na hata kisha kuuzisha, Harriet alirudi mara nyingi kuliangalia bulangeti lake ku nyumba ya yule mwalimu. Feza dola 5 zilikwisha, tunaweza kufikiri, kwa unga na kwa madeni. Lakini maelezo hayakwisha. Njo sababu leo tunaweza kusoma bulangeti lile sawa kitabu, na tunajua ni nani aliyeliandika.

Mwaka 1895 bulangeti lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Atlanta. Mwaka 1898 bamama wa Chuo Kikuu cha Atlanta, kilichokuwa chuo cha watu weusi, walitoa bulangeti la pili la Harriet kuwa zawadi kwa Pasta Charles Cuthbert Hall wa New York. Hili lina picha 15. Kuna Ayubu, kuna Musa na nyoka ya shaba, kuna Yona. Lakini kati ya habari za Biblia aliweka pia mambo yaliyotokea kweli katika inchi yao: siku ya giza ya mwaka 1780, usiku wa nyota kuanguka wa mwezi wa 11 mwaka 1833, na baridi kali ya mwezi wa 2 mwaka 1895, ambamo kuna mtu aliyegandamana karibu na chupa yake ya pombe, na pumzi ya nyumbu inageuka barafu. Mnaona tarehe? Mwaka 1780 na 1833 Harriet alikuwa hajazaliwa. Aliambiwa na wazee, akashika, akashona. Kwa watu waliokatazwa kitabu, kitambaa kilikuwa fasi ya kuweka historia.

Kwa muda mrefu walioandika juu yake walisema hakujua kusoma. Kumbe! Mwaka 2009 ilitangazwa nakala ya barua yake ya mwaka 1896. Humo tunaona alijua kusoma na kuandika, na kwamba alishona mabulangeti mengine pia, si yale mawili tu. Tujifunze: tusiseme upesi kwamba mama fulani hajui kitu kwa sababu anakaa chini na kushona.

Maisha yake ya mwisho yalikuwa magumu. Shamba lilipunguka, naye akaendelea kujilisha kwa sindano. Alikufa tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1910, mwenye miaka 72. Kaburi lake kule Athens lilifunikwa na majani mpaka jiwe lake likaonekana tena mwaka 2005. Bulangeti la kwanza liko Washington, la pili liko Boston. Mwishoni mwa 2021 yaliwekwa pamoja katika nyumba moja, kule Boston, mara ya kwanza tangu yalipotoka mikononi mwake.

Sasa, na sisi Wakongo? Kazi hii si ngeni kwetu. Kule Kasai, kwa Wakuba, wanaume wanafuma nguo ya raffia na wanawake wanaitarizi, wanaibandika vipande vya mapambo, mpaka inakuwa laini sawa manyoya. Mwaka 1892, wakati Harriet alipokuwa anashona kule Georgia, mmisionere mweusi wa Marekani, William Sheppard, aliyekuwa kwanza pasta kule Atlanta katika jimbo lilelile, alifika mji wa mfalme wa Wakuba. Alikusanya nguo zile, na nyingi ziko mpaka leo kule Hampton, Virginia. Watu wanazisifu. Lakini ukiuliza ni mama gani alitarizi hii, ni mama gani alitarizi ile, majina hayakuandikwa. Mikono ilikuwa na ufundi uleule, lakini hakuna aliyekaa na kuwauliza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, neno langu ni fupi. Bamama wa Kamatanda wanauzisha vitambaa vyao kwa bei ndogo, maana watoto wanangojea chakula na minervali. Hatuwezi kuwalaumu: Harriet naye aliuzisha. Lakini sisi tunajua kuandika, na tuna kalamu. Jioni moja muulize mama yako, ao nyanya yako: hili ua ulilitoa wapi, huyu ndege ana maana gani, nani alikufundisha? Andika majibu katika kaye yako, na tarehe. Halafu mwambie atarizi jina lake pembeni, hata kwa herufi ndogo, mbele kitambaa hakijatoka nyumbani. Mununuzi atalipa nguo, lakini jina litaenda pamoja nayo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita