Imam Ghazali na Jaha Aliyoiacha

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad: hii ni khabari ya Imam Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake si geni katika darasa za pwani. Mwenye kusoma Minhaj ya Imam Nawawi asoma kitabu kilichofupishwa kutoka Muharrar ya Imam Rafii, na Rafii huyo ndiye aliyekisherehi kitabu cha Wajiz alichokitunga Ghazali. Basi fikihi ya Kishafii isomwayo Lamu, Mombasa na Unguja imepita mkononi mwake. Lakini yatakayotajwa hapa ni mambo yaliyomfika akiwa na umri wa miaka 38, alipokuwa na kila kitu ambacho mwanachuoni aweza kukitamani.

Alizaliwa katika mji wa Tus, nchi ya Khorasan, mwaka 450 Hijria (1058). Baba yake alikuwa maskini, akisokota sufu na kuiuza, na akipenda kukaa na maulamaa. Alipokaribia kufa alimwusia rafiki yake mmoja katika Masufi awalee wanawe wawili, Muhammad na Ahmad. Akiba ile kidogo ilipokwisha, yule mlezi aliwapeleka madrasa ambako wanafunzi hupewa chakula. Hivyo mlango wa kwanza wa elimu kwake ulikuwa mlango wa riziki, na yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo.

Alipokuwa kijana alisafiri Jurjan kusoma, akaandika daftari nyingi. Njiani akirejea kwao wakatokea wanyang'anyi wakachukua kila kitu. Akawafuata nyuma, akamsihi mkubwa wao amrudishie daftari zake tu, kwa kuwa ndani yake imo elimu aliyoiendea mbali. Yule mnyang'anyi akacheka, akamwuliza yadaije kuwa ni elimu yake, na hali imechukuliwa naye kabakia hana kitu. Kisha akamrudishia. Ghazali alilichukua neno lile kama onyo litokalo kwa Mola wake, akakaa Tus miaka mitatu akahifadhi yote moyoni. Alidhani tangu siku ile kuwa hana tena kitu cha kunyang'anywa.

Kisha akenda Naisabur kwa Imamul Haramain Al-Juwaini, akawa mbele ya wanafunzi wote. Mwalimu wake alipofariki mwaka 478 (1085), alikwenda katika kambi ya waziri mkuu Nidhamul Mulk, ambako maulamaa walikuwa wakishindana kwa hoja, akawashinda. Mwaka 484 (1091) waziri akamweka kuwa mwalimu wa Madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, naye alikuwa na umri wa miaka 34 tu. Siku alipoingia mji huo, watu walizikadiria nguo zake na mnyama aliyempanda, wakaona thamani yake ni dinari 500. Wanafunzi 300 walihudhuria darasa lake. Akaitwa Hujjatul Islam. Makhalifa na masultani wakamtaka shauri.

Mwaka wa pili, katika Ramadhani, waziri yule aliuawa, na baada ya kama mwezi mmoja akafa Sultani Malikshah. Wakubwa waliomwinua Ghazali waliondoka kwa mara moja, lakini cheo chake hakikutikisika. Pengine ingekuwa nyepesi kwake kama kingetikisika.

Kwani jaraha yake haikutoka nje. Siku moja alizikagua kazi zake, akaona iliyo bora ni kusomesha. Kisha akaitazama nia yake katika kusomesha, akaikuta haikusafika kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kimsukumacho ni kutaka jaha na kuenea kwa sifa. Hapa yafaa msomaji atulie kidogo. Mtu huyu hakuwa mlevi akaona haya ya ulevi wake, wala dhalimu akakumbuka waliodhulumiwa. Alikuwa akifundisha sharia, na wanafunzi wakinufaika. Aliyekaa juu ya mimbari ile akisifiwa alikuwa na kilemba chake na sauti yake, lakini aliposhuka na kumtafuta ndani ya moyo, alikuta hamjui. Aliyemkuta huko alikuwa ni mtumwa mwenye khofu.

Hali hiyo ilianza Rajab mwaka 488 (1095), ikaendelea karibu miezi sita. Asubuhi huazimia kuondoka Baghdad. Jioni nafsi humjia na ushauri wake, ikimwambia kuwa cheo kama hiki hakipatikani mara mbili, na kuwa atakapokitaka tena hatakipata. Akawa hutanguliza mguu mmoja na kurudisha wa pili. Mwisho Mwenyezi Mungu akaufunga ulimi wake. Alijikaza siku moja asomeshe, japo kwa kuwaridhisha waliomjia, na neno moja halikutoka. Huzuni ikaingia moyoni hata akawa hawezi kumeza mchuzi wala kuyeyusha tonge. Matabibu walikata tamaa, wakasema ugonjwa umetoka moyoni ukaenea mwilini, wala hauna dawa mpaka moyo utulie. Ulimi, ambao kwa huo alishinda watu wote, ndio uliochukuliwa. Na huo haukuwamo katika daftari.

Alipoona hana hila tena, alimwelekea Mola wake kama mtu aliyedharurika, na kuyaacha yale mali na jaha kukawa sahali kwake. Alitangaza kuwa akenda Makka, na moyoni alikusudia Sham, kwa kuchelea khalifa na marafiki wasimzuie. Akagawa mali yake, asibakishe ila ya kuwatosha watoto wake.

Dimishki alikaa kwa muda. Hupanda mnara wa msikiti mkubwa, akajifungia humo mchana kutwa. Imepokewa kuwa siku moja aliingia madrasa moja huko, akamsikia mwalimu akisomesha kwa maneno yake Ghazali, naye hakutambulikana. Akaogopa nafsi yake isije ikafurahi, akauhama mji. Kutoka hapo alikwenda Baitul Muqaddas, kisha kaburini kwa Nabii Ibrahim, amani imshukie, na hapo aliweka ahadi tatu mwaka 489: asiende kwa sultani yeyote, asichukue mali ya sultani, wala asifanye mjadala wa kushindana. Kisha akahiji.

Aliporejea akapita Baghdad, nguo zake zilikadiriwa tena. Safari hii thamani yake ilikuwa kirati kumi na tano.

Hata hivyo asidhani mtu kuwa Ghazali alifanya nguo mbovu kuwa ndiyo dini. Katika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulumiddin, chenye vitabu arubaini ndani yake, ameeleza ajabu za moyo na kuwa huo ndio hakika ya mtu, na mwili ni kipando chake. Na katika mlango wa walioghurika amewataja kwa ukali Masufi wavaao viraka ili waitwe Masufi, kama alivyowataja maulamaa wavaao elimu yao ili waitwe maulamaa. Alijua kuwa hata zuhudi yaweza kushonwa ikawa joho.

Kilio cha watoto wake kilimvuta hata akarudi kwao. Mwaka 499 (1106) waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nidhamul Mulk, alimlazimisha asomeshe Naisabur, akakubali. Kwa dhahiri alirejea alikotoka, bali yeye alisema kuwa kwanza alikuwa akifundisha elimu ya kuchumia jaha, na sasa afundisha ile ya kuiachia. Abdul Ghafir Al-Farisi, khatibu wa Naisabur, alimjua zamani kwa kiburi na kudharau watu. Alimzuru mara nyingi, akidhani mwanzo kuwa unyenyekevu ule ni wa kujifanya. Akampeleleza, mwisho akakiri kuwa mtu yule amepona.

Hakukaa sana Naisabur. Alirudi Tus, akajenga karibu na nyumba yake madrasa na mahali pa Masufi, na katika siku zake za mwisho akashughulika na hadithi za Mtume, kama mwanafunzi aanzaye.

Ahmad nduguye amesimulia kuwa alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Jumadal Akhir mwaka 505 (1111), alitawadha akasali, kisha akaitaka sanda yake. Akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akasema kuwa amesikia na ametii kuingia kwa Mfalme. Akanyoosha miguu, akaelekea kibla, akafariki kabla ya jua kuchomoza. Hakuacha mtoto mwanamume. Aliacha mabinti, na mali ya kuwatosha chakula.