Mganga Robert Koch na Chakula cha Kijidudu

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika Clausthal, mji wa wachimba madini huko Ujerumani, na baba yake alifanya kazi ya machimbo. Basi sisi wa Shinyanga na Geita, tukaao karibu na machimbo ya dhahabu, na tusikie habari zake kama za jirani.

Zamani zile wengi walidhani kwamba kifua kikuu hurithiwa kwa wazazi. Koch alisadiki kuwa kina kijidudu chake. Lakini kukiona kwa darubini hakukutosha. Ilimpasa akioteshe peke yake, nje ya mwili. Nacho huchagua chakula, wala hakiharakishwi. Ndipo akatwaa maji ya damu ya ng'ombe na kondoo, akayapasha moto siku kadhaa hata yakagandama. Akapanda humo, akaweka penye joto kama la mwili, akangoja. Juma la kwanza hakuona kitu. Katika juma la pili vikatokea vipele vidogo vikavu. Akavihamisha chombo kwa chombo, miezi mingi. Kisha akawatia wanyama wazima, nao wakaugua. Tarehe 24 Machi 1882 akawatangazia wataalamu wa Berlin neno hili.

Waliomfuata wakaboresha chakula kile. Mwaka 1887 Nocard na Roux wa Ufaransa waliongeza glisirini. Baadaye wengine wakatumia mayai. Tena wakaongeza asidi ya oleiki, ambayo ni mafuta ya kukilisha, pamoja na albumini ya damu, ambayo hukikinga mafuta hayo yasigeuke sumu kwake. Vyakula vya namna hii vyatumika hata leo.

Lakini hatutaficha upande wa pili. Mwaka 1890 Koch alitangaza upesi dawa yake, tuberkulini. Haikuponya, na wengine walikufa. Mwaka 1906 alifika katika Ziwa letu la Viktoria, akakaa visiwa vya Sese kutibu malale. Alipozidisha kipimo cha dawa ya atoksili, wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka macho wasione tena. Tuwakumbuke hao pia. Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910.

Twaona basi: alipongoja, kazi yake ilisimama; alipoharakisha, wanyonge walilipa.

Ndugu makatekista, vumbi la mwamba huharibu mapafu ya mchimbaji, na kifua kikuu humwingia kwa wepesi. Akohoaye majuma mawili apelekwe hospitali, makohozi yake yapimwe. Siku hizi vipo vyombo vitoavyo jibu kwa saa chache, lakini kupanda kijidudu huchukua majuma, na dawa humezwa miezi mingi. Tusimwache mgonjwa achoke peke yake. Tumtembelee, tumsaidie kungoja, mpaka amalize dawa zake.