PIO GAMA PINTO: SHUJAA ALIYELALA CITY PARK

Ukitembezwa katika makaburi ya City Park, Nairobi, kufuata nyayo za wapigania uhuru, usipite kaburi la Pio Gama Pinto.

Pinto alizaliwa papa hapa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, wazazi wake wakiwa Wagoa. Akiwa na miaka minane alipelekwa India kusoma, akarudi 1949. Aliingia katika uandishi wa habari na siasa, huku akiwasaidia Mau Mau kisirisiri. Mwaka wa 1954 wakoloni walimkamata, wakamtia kizuizini kisiwani Manda. Hakuachiliwa kabisa hadi 1959.

Uhuru ulipokuja angeweza kukaa kitako ale matunda yake. Wapi! Akiwa mbunge aliendelea kuwatetea wasio na ardhi. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi nje ya nyumba yake, Westlands, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37 tu. Kijana mmoja, Kisilu Mutua, alifungwa zaidi ya miaka 35, akatoka 2001 akisisitiza kuwa hana hatia. Je, nani aliwatuma wauaji? Hakuna mahakama iliyojibu.

Rafiki yake Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka wa 1966, alitaka azikwe karibu naye. Alipofariki 1990 alizikwa huko huko City Park. Kweli, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Wenzangu, tukienda ziara City Park tusiishie kutazama kima. Tufike kaburini pia.