Tanaka Shozo: mbunge aliyeupigania udongo ulioingia sumu ya shaba

Kwa mkulima wa bondeni mafuriko si balaa kila mara. Wakulima wa bonde la mto Watarase, kaskazini mwa Tokyo nchini Japani, walilijua hilo tangu enzi za mababu. Maji yalishuka kutoka milimani na tope lenye majani yaliyooza, na mpunga ukastawi bila mbolea. Halafu tope hilohilo likaanza kuua mpunga. Aliyeibeba habari hiyo hadi bungeni ni Tanaka Shozo.

Alizaliwa mwaka 1841, mtoto wa mkuu wa kijiji, na akarithi kazi hiyo akiwa kijana. Alifungwa kwa kubishana na mtawala wa eneo lake, baadaye akaendesha gazeti. Mwaka 1890 alichaguliwa kuingia katika Bunge la kwanza la Japani.

Huko juu mtoni palikuwa na mgodi wa Ashio, ambao tajiri Furukawa Ichibei aliununua mwaka 1877 na kuufanya mgodi mkubwa wa shaba kuliko yote nchini. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni na magogo ya kuegemezea mashimo. Miti iliyobaki iliuawa na moshi wa tanuri. Milima ikabaki uchi, na kila mvua kubwa ilisomba mabaki ya mgodi hadi mtoni. Samaki walikufa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1890, mpunga na miforosadi ya kulishia viwavi wa hariri vilikauka mashambani.

Wakulima walifanya jambo la busara sana: walipeleka udongo wao upimwe. Mtaalamu wa kilimo Kozai Yoshinao, wa chuo cha serikali Tokyo, aliona kwamba chanzo ni shaba. Mmea unahitaji shaba, lakini chembe tu. Ikizidi, mizizi hudumaa na majani hugeuka manjano. Na metali haiozi kama samadi. Hukaa kwenye udongo wa juu, palepale mizizi inapotafuta chakula.

Tanaka aliyapeleka hayo bungeni mwaka 1891, akauliza kwa nini mgodi usifungwe. Waziri aliyehusika, Mutsu Munemitsu, alikuwa na mtoto wa kumzaa aliyelelewa na Furukawa kama mwanawe, basi jibu unaweza kulikisia. Badala ya kufungwa kwa mgodi, wakulima waliletewa karatasi za kutia saini: pokea fedha kidogo, usilalamike tena. Wengi walisaini. Mimi siwalaumu, maana mwenye njaa hangoji Bunge. Lakini baada ya mafuriko makubwa zaidi ya mwaka 1896, karatasi zile ziliwafunga mikono.

Mwaka 1897 serikali iliuamuru mgodi ujenge mabwawa ya kutuliza maji machafu. Hayakutosha. Februari 1900 wakulima kwa maelfu walianza safari ya miguu kwenda Tokyo kulalamika, lakini polisi waliwazuia njiani, wakawapiga na kuwakamata. Mwaka uliofuata Tanaka alijiuzulu ubunge. Desemba 10, 1901, akikaribia miaka 60, alikimbilia gari la farasi la Mfalme Meiji akiwa ameshika barua mkononi. Alidakwa kabla hajalifikia. Angeweza kuadhibiwa, lakini wakubwa waliona heri wamwite mwendawazimu, wakamwachia.

Serikali ikaja na mpango mwingine: kijiji cha Yanaka kigeuzwe bwawa la kupokea mafuriko. Kwa Tanaka hiyo ilikuwa hila ya kugeuza suala la sumu liwe suala la maji. Mwaka 1904 alihamia huko akaishi na wanakijiji. Mwaka 1907 nyumba za familia 16 zilizogoma kuondoka zilibomolewa. Wenyewe wakajenga vibanda, naye akabaki nao.

Alifariki Septemba 4, 1913, akiwa safarini, bila mali yoyote. Katika mfuko wake mlikutwa shajara, Agano Jipya, nakala ya katiba na vijiwe vichache.

Mgodi wa Ashio uliacha kuchimba shaba mwaka 1973. Mwaka uliofuata, kampuni yake ilikubali kuwalipa wakulima wa bonde lile fidia ya zaidi ya yeni bilioni 1.5. Yanaka haikurudi. Mahali pake leo pamejaa matete.