Jalaram Bapa wa Virpur

Jirani zetu wengi hudhani kuwa yoga ni kukunja viungo tu. Ipo pia karma yoga, yaani kutenda wajibu bila kutamani malipo, na Jalaram aliiishi dukani na jikoni.

Alizaliwa mwaka 1799 kijijini Virpur, Gujarat, katika jamii ya wafanyabiashara wa Lohana. Husimuliwa kwamba alipouza katika duka la ami yake aliwagawia maskini bidhaa. Mwenye duka yeyote ataielewa hofu ya ami huyo. Mwaka 1820, kwa baraka za mwalimu wake Bhojalram, alifungua sadavrat, jiko la kulisha kila mpita njia pasipo kumwuliza dini wala tabaka. Nafaka ya kwanza, wasema wazee, ilikuwa ujira wake na mkewe Virbai wa kuvuna mashamba ya watu. Ilipopungua, Virbai alitoa mapambo yake yakauzwa. Kwangu mimi, nusu ya sifa ni ya mama huyu.

Furaha yao haikungoja hesabu za mwisho wa mwaka. Ilipatikana kila mgeni aliposhiba.

Jalaram alifariki mwaka 1881. Virpur wageni wangali wakilishwa, na tangu mwaka 2000 hekalu lake halipokei mchango wa mtu yeyote.