Fundi Aliyekubali Daraja Lake Livikwe Paa

Alasiri moja nilisimama juu ya daraja la Mto Tana, Garissa, nikitazama mbuzi wakivushwa kutoka upande wa Madogo. Jua la huko halina huruma. Mzee mmoja wa Kisomali, kilemba begani, akaniuliza kwa nini waliolijenga hawakulitia japo kivuli. Nilicheka, kisha nikamkumbuka marehemu Timothy Palmer.

Palmer alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Massachusetts mwaka 1751. Makazi yake yalikuwa Newburyport, bandari ya waunda merikebu. Mtu wa Lamu angejiona yuko kwao pale, lau si baridi. Mwaka 1792 Palmer aliuvusha Mto Merrimack kwa daraja la mbao, karibu na mji wake. Miaka miwili baadaye akauvusha Mto Piscataqua, na tao moja la daraja hilo lilikuwa na urefu wa futi 244. Msomaji, panga majahazi manne ya futi sitini sitini, tezi kwa omo, na bado hujafika ng'ambo.

Sifa zikaenea. Lakini madaraja yale yalikuwa wazi. Mvua iliingia kwenye maungio, jua likapasua mbao, na kuoza kukaanza ndani, mahali jicho lisipoona. Sisi wa pwani jambo hili si geni kwetu. Boriti ya mkoko hukaa darini vizazi na vizazi, ila itupe uani masika mawili matatu uone.

Ndipo Philadelphia ikamwita ajenge juu ya Mto Schuylkill: matao matatu ya mbao juu ya nguzo za mawe, lile la kati likipita futi 190. Daraja lilifunguliwa mwaka 1805. Mkuu wa kampuni ya daraja, hakimu Richard Peters, ambaye hakuwa seremala, akataka litiwe kuta na paa kama nyumba. Hapo ndipo ninapompendea Palmer. Kukubali kulikuwa ni kutoa ushahidi juu ya kazi zake mwenyewe. Akakubali, na akakadiria bila kuficha kwamba daraja la wazi litaishi miaka kumi au kumi na miwili, na lililofunikwa thelathini hata arubaini. Paa lenyewe lilijengwa na seremala Owen Biddle.

Wengi hudhani, kama mzee wangu, kwamba paa lile ni la wapita njia. La, ni la mbao. Wapita njia walipata hata taabu, kwani katika nchi ile wakati wa baridi ilibidi theluji imwagwe ndani ya madaraja ya namna hiyo ili magari ya kuburura yapite.

Mwaka 1806 Palmer alijenga jingine, Easton, juu ya Mto Delaware, nalo likafunikwa. Yeye alifariki 1821. Daraja la Easton lilisimama hadi miaka ya 1890. Lile la Philadelphia liliteketea kwa moto mwaka 1875.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama paa lingezuia mafuriko. Nikamwambia la. Aprili 2024 maji yalikata barabara hapo hapo Madogo, watu wakavushwa kwa mashua, moja ikapinduka na roho zikapotea. Mzee alinyamaza kidogo, akaniomba tuvuke kabla ya magharibi.