Gottlieb Haberlandt na Kazi za Seli za Mimea

Jani la muhindi kutoka shamba la Matulo, katika Kaunti ya Bungoma, likikatwa kipande chembamba na kutazamwa kwa hadubini, huonyesha mishipa iliyozingirwa na seli kubwa za kijani zilizojipanga kama shada. Jani la muwa liko vivyo hivyo. La mharagwe haliko. Mtaalamu aliyelieleza shada hilo na kujiuliza lina kazi gani ni Gottlieb Haberlandt.

Haberlandt alizaliwa tarehe 28 Novemba 1854 huko Ungarisch-Altenburg, mji ulioko Hungaria ya leo. Babake, Friedrich, alisifika kwa kuieneza soya barani Ulaya. Mwana alisomea botania Vienna, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1876, kisha akaenda Tübingen kwa Simon Schwendener. Kwa mwalimu huyo alijifunza kwamba kuchora umbo la seli hakutoshi.

Mwaka 1884, akiwa Graz, alichapisha kitabu kilichopanga tishu za mimea kwa kazi zake. Seli za ngozi hulinda. Zenye kuta nene hulipa shina uthabiti, na bila hizo muhindi usingestahimili upepo. Seli za zailemu hupandisha maji, za floemu husafirisha sukari, na zile ndefu zilizojaa klorofili chini ya ngozi ya jani hutengeneza chakula. Kuhusu shada, alikisia kwamba seli zake na jirani zake hugawana kazi. Kisio hilo lilisubiri hadi miaka ya 1960, watafiti wa Australia walipobaini katika muwa kwamba seli za nje hunasa kabonidioksidi na kuzipa zile za shada, nazo hutengeneza sukari.

Lakini je, seli iliyokwisha kupewa kazi moja imepoteza uwezo wa kuwa mmea mzima? Haberlandt aliamini haijapoteza. Mwaka 1902 alitangaza matokeo ya kuzitenga seli za majani na kuzilisha maji ya chumvi na sukari. Ziliishi majuma kadhaa, zikakua, ila hata moja haikugawanyika. Kwa hakika alikuwa amechagua seli zilizokomaa mno, na homoni za mimea hazijajulikana bado. Hata hivyo hakuliacha swali. Akiwa Berlin, mwaka 1913, alionyesha kwamba seli za kiazi hugawanyika zikiwa na kipande cha floemu, na kwamba bila hicho hutulia tu. Alihitimisha kwamba kuna kemikali inayoziamsha.

Alifariki Berlin tarehe 30 Januari 1945, vita vikiukaribia mji, pasipo kuuona mmea aliouwazia. Mwaka 1958 seli za karoti zilikuzwa maabarani zikatoa viinitete. Tangu miaka ya 1990 wakulima wa Kenya wamekuwa wakipanda migomba iliyoanzia kwenye chupa za maabara, kutokana na vipande vidogo vya tishu visivyo na magonjwa.